Jicho la Kulia la Mkufunzi

Mkufunzi alikuwa na desturi ya kuwapokea wageni wa kazi kwa kuwaambia wafumbe macho. Siku yangu ya kwanza tulikuwa sita, wanaume watano na mimi, tumesimama mbele ya stoo ya ranchi na sare ambazo bado zilinuka duka. Tukafumba. Akauliza: kwenye paa la stoo kuna ndege wangapi? Ukuta una madirisha mangapi? Mimi nimevaa kofia ya rangi gani? Hakuna aliyejua.

"Mko na macho kumi na mawili," akasema, "na hakuna hata moja limefanya kazi tangu asubuhi."

Mambo ya kuzaliwa kwake na ukoo wake sitayasimulia, kwa sababu sikuyajua vizuri na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Nilijua kwamba kwao ni Kangundo, kule kwenye vilima vya kahawa, na kwamba alikuwa ameitumikia serikali miaka mingi akilinda wanyama kabla ya kuja kwetu. Katika ranchi, kuanzia meneja hadi wakamuaji, kila mtu alimwita Mkufunzi, basi. Nilifanya kazi naye miaka kumi na mmoja.

Ranchi yetu iko kwenye tambarare za Athi. Upande mmoja unaona moshi wa viwanda vya saruji, upande wa pili vilima vya Mua. Ni ranchi ya ng'ombe, lakini pundamilia na kongoni hawajui mipaka, na fisi hawaijui kabisa. Zamani palikuwa na nafasi ya wote. Siku hizi mitaa imejengwa hadi kwenye ua wetu, na machimbo ya mawe yametoboa ardhi kila mahali, na watu wanapita katikati ya nyasi alfajiri wakienda viwandani. Fisi alipozoea ndama, au vibaya zaidi alipozoea watu, ofisi ya wanyamapori ilitoa kibali, na Mkufunzi ndiye aliyekwenda kupiga. Sisi wengine tulikuwa maskauti tu, watu wa kutembea na kuangalia nyayo. Bunduki yenye darubini ilikuwa moja, na funguo za stoo ilimokaa zilikuwa kwangu.

Hakumruhusu mtu kugusa risasi kabla hajajua kutazama. Wiki mbili nzima tulilala kifudifudi kwenye vumbi na bunduki tupu, tukitazama debe alilokuwa amelitundika kwenye mgunga. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba darubini ya bunduki ina pete na gurudumu, na kwamba watu wengi wanaozishika hawajui tofauti yake.

"Hii pete ya nyuma, karibu na jicho, ni yako wewe," alisema. "Haina habari na debe. Elekeza bunduki mbinguni, mahali hakuna kitu. Funga macho. Fungua, tazama ule msalaba wa mistari ulio ndani ya kioo mara moja tu, halafu toa macho. Umeuona mkali, ama kama uko kwa ukungu? Kama ni ukungu, zungusha kidogo, rudia tena."

"Kwa nini nisitazame tu mpaka uwe wazi?" niliuliza.

"Kwa sababu jicho ni muongo, mwiitu. Ukilipatia nafasi litajirekebisha lenyewe, likuambie kila kitu kiko sawa. Baada ya dakika tano limechoka na ukungu umerudi. Jicho unalikamata kwa ghafula, kama mwizi." Mwiitu, yaani msichana kwa Kikamba, ndivyo alivyoniita daima.

Gurudumu la ubavuni lilikuwa jambo jingine. Hilo lilikuwa la umbali. Debe likiwa karibu unalizungusha hivi, likiwa mbali unalizungusha vile. Ili kujua kama umepata, unaacha bunduki imetulia juu ya mfuko wa mchanga, kisha unasogeza kichwa chako kidogo tu, juu na chini. Msalaba ukiteleza juu ya debe, bado. Msalaba ukigandama pale pale hata kichwa kikisogea, umepata. Alitufanyisha hivyo mpaka shingo zikakakamaa. Kijana mmoja wa Kitui alichoka akasema yeye anaona debe vizuri sana, kuna haja gani ya gurudumu. Mkufunzi akalala chini karibu naye, akamshika kichwa kama kinyozi, akakisogeza polepole.

"Msalaba umeenda wapi?"

"Umetoka kwa debe."

"Na bunduki imesonga?"

"Hapana."

"Basi ungekosa, halafu uje kwangu kusema bunduki ni mbaya. Pete ni yako. Gurudumu ni la yule unamlenga. Usichanganye."

Alikuwa mkali kiasi cha kuchukiwa. Skauti mmoja alimwelekezea mwenzake bunduki tupu kwa mzaha. Mkufunzi akamvua kofia mbele ya watu na kumwambia aende kwa miguu mpaka Athi River, amwangalie kila mtu atakayekutana naye usoni, arudi amwambie ni yupi kati yao angependa kumuua kwa mzaha. Yule mtu alikwenda kweli. Alirudi jua likiwa limeinama, akasema hajamwona hata mmoja. Mkufunzi akamrudishia kofia na hakulitaja tena jambo hilo.

Wanaume waliponicheka, kwamba mwanamke atabeba bunduki na mtoto ataachia nani, hakunitetea kwa maneno. Aliniita tu, akanipa funguo za stoo mbele yao. Mama yangu alipofariki Masii, alikuja akiwa amevaa koti lake zito katika jua lile, akaomba jembe akasaidia kuchimba, akala muthokoi wa mahindi na maharagwe pamoja na wazee, akaondoka bila kuaga. Akimaliza kumpiga fisi hakutaka watu wacheke. Wachungaji walikuwa na tabia ya kuupiga mzoga mateke na kuutukana. Yeye aliwafukuza. "Amekufa kwa sababu alikuwa na njaa," alisema. "Wewe ukiwa na njaa unafanya nini?" Kisha siku hiyo yote hakuzungumza na mtu.

Wakati wa kununua darubini, alinichukua tukaenda naye Nairobi kwa sababu ningekuwa mtunzaji wake. Ile ya zamani ilikuwa imeingia unyevu, kioo kimepiga ukungu kwa ndani. Muuzaji dukani alikuwa kijana mchangamfu. Alituletea ndefu kama mkono wangu, na kioo cha mbele kipana kama bakuli la uji.

"Mzee, hii inavuta mara ishirini na nne. Utahesabu kope za swara."

"Kope za swara zitanisaidia nini?" Mkufunzi alimuuliza. "Mimi nataka kuona ni nani amesimama nyuma ya swara."

Alimweleza taratibu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza na mtu asiyemjua kwa upole. Kadiri kioo kinavyovuta, ndivyo dirisha linavyokuwa dogo. Unamleta fisi karibu, lakini unaufukuza ulimwengu wote uliomzunguka. Hujui kama kuna ng'ombe pembeni, hujui kama kuna mama amebeba kuni. Na mkono ukitetemeka kidogo, kwenye kioo kikubwa unatetemeka kama mti wakati wa dhoruba. Akaomba ndogo, ile inayoanza mara mbili na kuishia mara saba. Hakuitazama barabara yenye jua. Aliipeleka mlangoni akaielekeza kwenye uchochoro wenye giza kati ya majengo mawili, kwa sababu, alisema, mchana kila kioo ni kizuri. Alipima umbali wa jicho na kioo cha nyuma kwa vidole vitatu, ili bunduki ikiruka isimkate mtu nyusi. Alizungusha pete na gurudumu akiwa amefumba macho, akisikiliza kwa vidole kama zimelegea. Ilituchukua asubuhi nzima. Tulirudi na ile ndogo.

Sheria yake kubwa kuliko zote haikuhusu darubini ya bunduki. Ilihusu ile nyingine, ya macho mawili, inayoning'inia shingoni. "Hiyo ndiyo ya kutafuta," alisema. "Ya bunduki si ya kutafuta. Ukitafuta kwa bunduki, umeshamwelekezea bunduki kila kitu unachokiona, pamoja na watu." Kwa hiyo walikwenda wawili kila mara. Mmoja alitazama kwa macho mawili, akasema ni nini na kiko wapi. Yule mwenye bunduki hakuweka kidole mpaka asikie neno "Ndiye." Baada ya miaka michache, mtazamaji wake nikawa mimi.

Na sasa nifike kwenye kasoro yake. Mkufunzi hakukubali kusahihishwa, na zaidi ya yote hakukubali kusahihishwa kuhusu macho yake. Alijivunia jicho lake la kulia kama wazee wengine wanavyojivunia fahali. Kila Januari alitupima macho kwa kadi ya herufi iliyobandikwa ukutani mwa stoo. Sisi tukimaliza, yeye naye alisimama kwenye mstari, akafunika jicho la kushoto, akasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, haraka, kama mtu anayesali.

Mwaka mmoja ile kadi ilikuwa imeliwa na mchwa. Niliibandika nyingine, iliyoletwa na muuguzi wa zahanati, herufi zake tofauti. Tulisoma sote. Akaja yeye, akafunika jicho, akasoma. Alisoma kadi ya zamani. Herufi zote, kwa mpangilio, mpaka mwisho.

Kisha yule kijana wa Kitui akaangua kicheko, akidhani ni mzaha, na wengine wakamfuata. Mkufunzi naye akacheka. Akaenda karibu na ukuta, karibu kabisa, akaitazama ile kadi, akasema, "Mmebadilisha bila kuniambia." Akatoka nje. Niliona kwamba kwenye kizingiti aliinua mguu juu zaidi ya ilivyohitajika.

Ningeweza kusema hapo. Sikusema.

Kulikuwa na jambo la pili, na hili nililijua mimi peke yangu. Kwa kuwa bunduki ilikuwa moja na mimi nilikuwa nikifanya mazoezi nayo, kila mmoja wetu alikuwa na mahali pake kwenye ile pete ya nyuma. Pangu nilipatia alama ya rangi ya kucha, nyekundu. Pake palikuwa na mkwaruzo wa kisu. Bunduki iliporudi stoo baada yake, pete ilipaswa kuwa kwenye mkwaruzo. Ikaanza kuwa mbele ya mkwaruzo, upana wa punje ya mtama. Baada ya miezi, upana wa punje ya mahindi. Niliisafisha, nikaitazama, nikafunga kabati. Mwaka uliofuata pete ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho, mahali ambapo haizunguki tena. Nilijua maana yake. Pete hiyo ndiyo inayotibu ukungu wa mwenye jicho, na sasa dawa ilikuwa imeisha chupani.

Niliwahi kujaribu, kwa njia ya mzunguko. Nilimwambia kuna madaktari wa macho watakuja mjini Machakos, tuandikishe wafanyakazi wote. Alinitazama kwa muda mrefu.

"Mwiitu, wewe unaona vibaya?"

"Hapana, Mkufunzi."

"Basi andikisha wenye shida."

Hakuandikishwa yeyote.

Halafu siku moja akaenda kwa meneja mwenyewe na kuomba darubini kubwa. Ile ndefu. Watu walishangaa, maana hadithi ya kope za swara ilikuwa imesimuliwa ranchi nzima. Alisema fisi wamekuwa wajanja, wanakaa mbali. Meneja, mtu wa haraka asiyependa mabishano, aliagiza iliyokuwa nafuu kati ya kubwa zote. Ilipofika, gurudumu lake la ubavuni lilikuwa limelegea kidogo. Ukiitikisa bunduki, lilihama. Nilimwonyesha Mkufunzi. Aliligusa, akasema, "Tutaliangalia," na akaifunga darubini ile juu ya bunduki.

Fisi aliyekuja baada ya mvua za mwezi wa nne alimrarua mama mmoja aliyekuwa akipita njia ya mkato kwenda kazini kiwandani. Mama huyo hakufa, lakini mkono wake haukupona. Watu wa machimbo wakaja getini na mapanga wakidai fisi auawe au wao wataingia wenyewe. Kibali kilitoka siku ya pili. Siku ya tatu, kabla jua halijachomoza vizuri, tulikuwa tumelala kwenye kichuguu, Mkufunzi na bunduki, mimi kushoto kwake na darubini ya macho mawili. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mbele yetu palikuwa na bonde dogo lenye vichaka vya leleshwa, na ng'ambo yake ukingo wa machimbo.

Kitu cha kijivu kilitokea kati ya vichaka viwili. Kilikuwa kimeinama, mgongo umepinda, kinakwenda chini chini. Kikasimama.

Nilikuwa napangusa vioo kwa pindo la shati kwa sababu ya manyunyu. "Ngoja," nikamwambia. "Sijaona."

"Namwona."

"Ngoja, Mkufunzi."

Akapiga.

Kile kitu kilianguka vile fisi aangukavyo, na kwa pumzi moja nikaamini. Kisha nikainua darubini, vioo vikiwa safi, nikaona gunia. Gunia la sisali, lile ambalo wavunja mawe hujifunika begani mvua ikinyesha. Na chini ya gunia, kiatu cha raba.

Aliitwa Kioko. Alikuwa mvunja mawe, umri wa miaka ishirini na minne, mtu wa Masii kama mimi. Alikuwa ameingia vichakani kujisaidia. Tulipomfikia alikuwa bado anapumua. Mkufunzi alipiga magoti kwenye tope, akaweka mkono wake juu ya kifua cha yule kijana, akauinamisha uso wake karibu sana na uso wa Kioko, kama mtu anayetaka kusoma maandishi madogo. Hapo ndipo alipomwona kuwa ni mtu. Nasema hivi kwa sababu nilimwona akimwona. Mpaka hapo, alikuwa akitembea kumfuata fisi.

"Nimeua mtu," aliwaambia polisi walipofika, kabla hawajauliza.

Lakini mahakamani, miezi baadaye, maneno yalikuwa mengine. Sijui kama ni wakili aliyemfundisha au ni mwenyewe. Darubini ilikuwa imewekwa juu ya meza, imefungiwa kikaratasi cha ushahidi kwa uzi. Wakili alilizungusha lile gurudumu mbele ya hakimu, likachezacheza. Mkufunzi akasema darubini ilikuwa mpya, ilikuwa na kasoro, picha ilikuwa imeharibika, na yeye alitegemea kioo. Alilisema hilo akitazama mbele, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitufundishia.

Niliitwa. Niliulizwa kama gurudumu lilikuwa limelegea siku ile. Nikasema ndiyo, na hiyo ilikuwa kweli. Hakuna aliyeniuliza kama gurudumu lililolegea linaweza kumgeuza mtu kuwa fisi. Haliwezi. Linaweza kuhamisha risasi upana wa kiganja, basi. Kisha nikaulizwa: je, ulimwambia apige? Nikasema hapana. Je, ulimwambia asipige?

Niliona mgongo wa koti lake. Nilifikiria funguo alizonipa mbele ya wanaume. Nilifikiria pia, nisijidanganye, swali ambalo lingefuata: na wewe ulijua nini kuhusu macho yake, na tangu lini?

"Sikumbuki," nikasema.

Hakimu alisema ni uzembe uliochanganyika na bahati mbaya. Akampa kifungo cha nje. Ranchi ikamstaafisha. Hatukuagana. Mimi nilibaki, na baada ya muda nikapewa kazi yake. Darubini ninayotumia ni ndogo. Wasichana wawili ninaowafundisha sasa wanajua kusogeza kichwa na kutazama msalaba, na wanaponiita Mkufunzi ninawaambia waniite kwa jina langu.

Miaka minne ilipita kabla sijamwona tena. Ilikuwa mwaka huu, mwezi wa pili. Nilikuwa nimepeleka barua za ranchi Kangundo, na kwenye uwanja wa kanisa nikamwona mzee amesimama mbele ya ukuta wa matangazo, anasoma, mikono nyuma. Alikuwa amekonda. Koti ni lile lile. Nilitaka kupita. Aligeuka kabla sijapita.

"Umeweka mvi, mwiitu," akasema. "Hapa, juu ya sikio."

Nilisimama. Alikuwa mbali nami hatua kama ishirini.

Tuliketi kwenye benchi la saruji. Aliniambia kwamba kambi ya macho ilikuja hapo kanisani, na mke wake akamshika mkono kama mtoto akampeleka. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa baya zaidi. Wakalipasua. "Unajua ilichukua muda gani?" akauliza. "Mke wangu alikuwa ameweka mahindi na maharagwe jikoni kabla tutoke. Nilirudi na bandeji na bado hayajaiva." Akaligusa jicho la kulia. "Siku ya kutoa bandeji nililia, daktari akafikiri ni furaha."

Watoto wa shule walikuwa wakipita. Aliwafuata kwa macho mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Ile pete," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unasafisha ile bunduki."

"Ndiyo."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na hukusema."

"Nilikuogopa, Mkufunzi."

Nilidhani angekasirika. Alikunja mikono yake juu ya magoti, akaitazama. "Basi nilikufundisha vibaya," akasema. Halafu akainua uso: "Mama yake Kioko anakaa Masii. Wewe unajua njia."

Tulikwenda Jumamosi iliyofuata. Mama Kioko anakaa mwendo kidogo kutoka sokoni, nyumba ya matofali yenye mlango wa bluu. Alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta akipepeta mbaazi kwenye ungo. Nilimsalimu kwa Kikamba, nikamwambia sisi ni nani. Hakuacha kupepeta. Mkufunzi alisimama jua likimpiga, kofia mkononi, akasema yote. Alisema kwa Kikamba, pole pole, bila kujipunguzia. Kwamba kioo hakikuwa na kosa. Kwamba alikuwa kipofu nusu na alijua, na alificha kwa miaka kwa sababu ya kiburi, na kwamba mahakamani alidanganya.

Mama Kioko aliuweka ungo chini.

"Najua," akasema. "Siku ile kortini ulipoitwa, ulipapasa kiti kwanza kabla ya kukaa. Kila mtu alikuwa anaangalia ile kitu iko mezani. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe."

"Nimengoja uje kusema," mama akaendelea. "Mwaka wa kwanza nilingoja. Mwaka wa pili nikaacha." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye ulisema hukumbuki."

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Ninakumbuka."

Nilikuwa nimejiandaa kusema, njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno. Aliinua mkono akanizuia.

"Si mimi wa kuambiwa," akasema. "Mimi nimeishi bila hayo maneno, nitaendelea. Yeye ndiye alidanganyiwa. Yuko kule nyuma, chini ya ule mparachichi mdogo. Nilimpandia mwenyewe." Akauchukua ungo wake. "Mkimaliza, pitieni upande ule. Msirudi hapa."

Mkufunzi alitangulia. Hakuhitaji kushikwa mkono. Aliruka mtaro, akainama chini ya kamba ya nguo, akakwepa mbuzi aliyefungwa. Kaburi lilikuwa limefyekwa vizuri. Alisimama miguuni, mimi nikasimama kando. Nyuma yetu mbaazi zilikuwa zikigonga ungo, zinanyamaza, zinagonga tena. Alinigeukia, akanitazama, nikajua kwamba safari hii hatatangulia yeye kusema.

Nilianza mimi.